Mwili ni Nyumba: Mfupa wa bega, juu ya nini kwa wengine unaonekana na kwa wengine hapana?

Mwezi huu nilitaka kuandika juu ya maji ya kunywa kule mnakochimba, na karatasi nilikuwa nimeanza kuijaza. Lakini Jumapili moja, nilipokwisha kuaga watu mlangoni mwa kanisa, mama mmoja alibaki. Alikuwa amemshika binti yake mkono. Binti ana miaka 17, ni mwimbaji wa korali yetu, sauti ya kwanza.

"Papa Pasta," mama akasema, "angalia huyu mutoto. Tangu mwezi wa tano ananenepa. Mimi nilifurahi, nikasema Mungu amesikia. Sasa uso umevimba kama mwezi mzima, lakini miguu inabaki fimbo. Jana natandika kitanda chake, nakuta kinini ndani ya mto."

Kinini zenyewe zilikuwa ndogo, zimefungwa katika karatasi ya daftari, bila jina. Binti alilia kwanza, halafu akasema. Wenzake walikuwa wanamcheka juu ya ile mifupa miwili inayopita chini ya shingo. Katika roba ya korali ilionekana sana. Walimwambia mvua ikinyesha hana lazima ya kwenda mtoni, atateka maji papo hapo katika mashimo ya shingo yake. Kijana mmoja alimuuliza kama kwao hawapikagi. Na dada mmoja mkubwa akamwonyesha mahali sokoni wanapouza "dawa ya mwili", kwa franga kidogo tu.

Nilikwenda nao kwa munganga, na habari ya kinini nitairudia hapa chini. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza: hii mifupa ni ya nini basi, hata mtoto auze afya yake ili isionekane? Mimi nilisoma shule ya Biblia, sikusoma udaktari. Kwa hiyo nilikaa jioni tatu na muuguzi mmoja wa mshirika wetu, vitabu vyake juu ya meza, na yeye ndiye amesahihisha haya mnayosoma.

UFUNGUO MDOGO

Weka kidole chini ya koo, pale katikati penye kishimo. Sasa kisogeze pole pole kwenda begani. Utasikia mfupa mrefu, karibu sentimita 15 kwa mtu mzima, unaojipinda mbele kidogo, kisha nyuma, kama herufi S iliyolala. Ndio huo. Kiswahili cha vitabu kinauita mtulinga, na ikiwa miwili ni mitulinga. Sisi hapa Kisangani tunasema tu mfupa wa bega, na watoto wa shule wanasema klavikule, neno la Kifaransa lililotoka katika Kilatini, maana yake ufunguo mdogo. Na kweli unazunguka kama ufunguo. Acha kidole pale pale, inua mkono wako juu ya kichwa: mfupa unageuka chini ya ngozi.

Jambo lililonishangaza ni hili. Mkono wote, kutoka bega mpaka kucha, umeunganishwa na kifua kwa mfupa huu mmoja tu. Kombe la bega, ule mfupa mpana wa mgongoni, halikufungwa na ubavu hata mmoja. Linashikwa na nyama tu. Mtulinga ndio unaosukuma bega lote likae mbali na kifua, ili mkono upate nafasi ya kuzunguka.

Ukitaka kuelewa kwa macho, shuka kwa Wagenya, pale penye maporomoko ya Boyoma. Mmeona namna wanavyosimamisha miti mikubwa katika matundu ya mawe, wakaifunga kwa kamba za mwitu, na mitego yao mikubwa inaning'inia humo kama faneli. Kati ya miti inayosimama wanalaza mingine ya kuisukuma, ili isiangukiane. Ondoa mti ule wa kulala, na yote itakwenda na maji. Mtulinga ni mti ule wa kulala. Sasa mwangalie Mgenya mwenyewe anapovuta mtego kutoka ndani ya maji yale makali, mikono yote juu, kifua wazi. Utaona mitulinga yake miwili imesimama kama kamba zilizokazwa. Hakuna anayemcheka.

Mbuzi hana mtulinga. Ng'ombe hana, farasi hana, na okapi wetu wa kule Epulu hana. Hao wanyama wanatumia miguu ya mbele kwa kutembea na kukimbia tu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na mfupa wa kusukuma bega pembeni ungewasumbua. Paka anao kipande kidogo kinachoelea ndani ya nyama, hakishiki kitu. Ndiyo sababu penye kichwa cha paka kinapita, mwili wote unapita. Lakini nyani wanaopanda miti wanao, wenye nguvu: sokwe wa ng'ambo ya kuume ya mto wetu, na bonobo wa ng'ambo ya kushoto. (Mto Kongo ndio uliowatenga hao wawili, na mpaka leo hawavuki.) Popo anao. Hata kuku: ule mfupa wa V unaokuta kifuani ukila kuku wa sikukuu ni mitulinga yake miwili iliyoungana.

Basi mtu anayetwanga sombe, anayeinua nyundo, anayepiga kasia, anayebeba mtoto kifuani, anayeinua mikono katika maombi, hayo yote anayafanya juu ya mfupa huu. Ayubu katika sura ya 31, mstari wa 22, anajiapiza kwamba kama aliinua mkono juu ya yatima, basi bega lake lianguke kutoka mahali pake. Zamani nilipita mstari huo haraka. Sasa ninaona Ayubu alijua aliposhika: mkono uliotumika kumwonea mnyonge, basi ukose pa kushikilia.

Wako watu wachache duniani wanaozaliwa bila mitulinga, au na vipande tu. Wanganga wawili wa Ufaransa, Marie na Sainton, waliandika ugonjwa huo mwaka 1898. Mtu wa namna hii anaweza kukutanisha mabega yake mawili mbele, chini ya kidevu, kama mtu anayefunga kitabu. Kule Cape Town uko ukoo mkubwa wenye hali hii, watoto na wajukuu wa baharia mmoja aliyetoka Uchina, na wanganga waliandika habari zao mwaka 1951. Wanaishi, wanafanya kazi, wanaoa. Mwili unatafuta njia nyingine. Lakini mabega yao yanashuka.

Tena jambo moja, vijana, lisikieni. Mtulinga ndio mfupa wa kwanza kuanza kuwa mgumu tumboni mwa mama, karibu juma la tano au la sita, mama mwenyewe pengine hajajua kama ana mimba. Na ndio wa mwisho kumaliza: unafunga kabisa karibu na miaka 25. Mtu wa miaka 17 bado anajenga.

JUU YA NINI UNAONEKANA

Mfupa huu uko mbele kabisa, chini ya ngozi tu. Paja lina nyama nene juu ya mfupa wake, mkono vilevile. Mtulinga hauna kitu cha kuuficha isipokuwa ngozi na mafuta kidogo. Kwa hiyo ni kama dirisha: kitu kidogo kikibadilika ndani ya nyumba, wapita njia wanakiona.

Kwanza ni mafuta ya chini ya ngozi. Wengine Mungu amewapa mafuta shingoni na kifuani, wengine amewawekea kiunoni na miguuni. Watu wawili wenye kilo sawa na urefu sawa, mmoja mitulinga inaonekana, mwingine hapana. Pili ni umbo la mfupa wenyewe. Kuna ulionyooka, kuna uliojipinda sana unaotokeza mbele. Wa wanaume kwa kawaida ni mrefu na mnene na umejipinda zaidi, wa wanawake ni mfupi na mwembamba. Hata kwa mtu mmoja si sawa: mara nyingi wa kushoto ni mrefu kidogo kuliko wa kuume. Halafu iko misuli. Mtu wa kazi ngumu ana nyama za shingo na za bega zinazopita juu na chini ya mfupa, na kati yao kinabaki kishimo. Wafaransa wanakiita kishimo hicho chombo cha chumvi, basi hata wao wanatania. Na namna ya kusimama nayo inahesabika. Rudisha mabega nyuma, vuta pumzi, mfupa unajificha kidogo. Inamisha mabega mbele kama mtu mwenye baridi, mashimo yanafunguka. Wazee vilevile, mafuta ya ngozi yanapungua na mifupa inajitokeza, bila ugonjwa wowote. Mimi mwenyewe yangu sijaiona tangu mwaka niliooa, na mama mchungaji anasema asilaumiwe.

Binti za korali wameniambia jambo lililonichekesha, halafu likanihuzunisha. Mwaka 2015, huko Uchina, wasichana walikuwa wanapanga sarafu juu ya mitulinga yao, moja karibu na nyingine, wanajipiga picha na kuzituma kwa simu, ili kuonyesha wao ni wembamba kiasi gani. Basi kule binti anajinyima chakula ili mfupa uonekane, na huku kwetu binti anakula kinini ili ufichike. Mfupa ni ule ule.

KIJANA WA BAFWASENDE

Sasa nifike kwa jambo ambalo ningependa kuliruka, lakini muuguzi wetu aliniambia nikiliruka hili basi nisiandike chochote.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa mshirika wetu alirudi kutoka karieri ya dhahabu upande wa Bafwasende. Alikwenda mnene, akarudi mitulinga imesimama kama mpini wa jembe. Shati lilikuwa linaning'inia kama liko juu ya msumari. Watu hawakuuliza ana ugonjwa gani, walishajua jina lake. "Ni SIDA, bantu banasema, kule karieri banawake ni wengi." Mabenchi yalianza kupata nafasi pembeni yake.

Na mimi? Mimi nilihubiri Luka 15, mwana mpotevu. Neno ni zuri, lakini nilipofika pale penye kutapanya mali na makahaba, macho yangu yalikwenda kwake. Sikumtaja. Hakukuwa na haja. Watu wote waligeuza vichwa, na yeye aliangalia chini. Jumapili iliyofuata hakuja. Nikasema moyoni, ukweli umemchoma.

Miezi miwili alikaa nyumbani akikohoa. Ni mama shemasi mmoja, mzee, hajui kusoma, aliyemfuata na kumpeleka lopitali kwa kumshika mkono. Walimpima makohozi: tubekeluzi, kifua kikuu. Walimpima na damu: SIDA hapana. Na hata kama ingekuwa ndiyo, dawa zake ziko, za bure, watu wanazimeza na kuishi miaka na kulea watoto, na benchi lake kanisani lingebaki benchi lake. Hilo nalo nilichelewa kulisema.

Miezi miwili ile tuliyompoteza alilala chumba kimoja na wadogo zake watatu. Kila ninapofikiri jambo hilo ninanyamaza.

Kwa hiyo, ndugu wachimbaji na mama wenye waume kule, shikeni tofauti hii. Mtulinga unaoonekana tangu utoto, kama wa baba na wa shangazi, si ugonjwa, ni ukoo. Mtulinga ambao haukuonekana, na sasa katika wiki au miezi michache umejitokeza, huo unasema kitu. Elihu katika Ayubu 33:21 anaeleza hilo hilo: mgonjwa ambaye nyama imemwisha, na mifupa ambayo zamani haikuonekana sasa imetokeza. Ni mabadiliko ndiyo yanayotupasa kuuliza. Kama yamekuja pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa ya jioni, jasho la usiku, au damu katika makohozi, usingoje maombi ya siku tatu. Ombeni mkiwa njiani kwenda kituo. Vumbi la mawe mnalolivuta mkivunja na kusaga linaumiza mapafu, na mapafu yaliyoumia ni mlango wazi kwa kifua kikuu. Dawa zake serikali inazitoa bure, ni za miezi sita, na mtu asiziache mwezi wa pili kwa sababu amejisikia vizuri. Kukonda ghafla kunaweza pia kutoka kwa kisukari, kwa minyoo, kwa njaa, hata kwa huzuni. Jicho la jirani halipimi damu.

Yule kijana alimaliza miezi yake sita. Alipata kilo zake zote. Na mnajua nini? Mitulinga bado inaonekana! Baba yake alipotoka kijijini kuja kushukuru, nilimwangalia: ni vilevile, mifupa miwili mbele kama usukani wa velo. Samahani niliiomba mbele ya kanisa lote, kwa sababu kosa nilikuwa nimelifanya mbele ya kanisa lote.

KININI ZA SOKONI

Turudi kwa binti. Munganga alipoziona zile kinini na kumwangalia mtoto, hakukawia. Ilikuwa deksametazoni, wauzaji wanaiita deksa. Ni dawa ya kweli, si sumu ya waganga wa uongo. Inasaidia mtu mwenye pumu kali, na mwaka 2020 ilionekana inaokoa wagonjwa mahututi wa Korona waliokuwa wanapewa hewa. Lakini munganga anaitoa kwa kipimo na kwa siku zinazohesabika. Sokoni inauzwa kama karanga.

Inaiga maji fulani ambayo mwili wenyewe unatengeneza katika vitezi viwili vilivyo juu ya mafigo. Ikizidi, inahamisha mafuta ya mwili. Inayakusanya usoni, nyuma ya shingo, tumboni, na, sikieni hili, pale pale juu ya mitulinga. Vile vishimo vinajaa. Msichana anajiangalia katika kioo, anaona mifupa imefichika, anasema dawa inafanya kazi. Wakati ule ule nyama za mikono na miguu zinaliwa. Sukari ya damu inapanda, mpigo wa damu unapanda, kinga inalala, na kifua kikuu kilichojificha kinaweza kuamka. Mifupa yenyewe inapoteza ugumu. Na nimesema hapo juu kwamba mtu wa miaka 17 bado anajenga huo mfupa wa mwisho. Kinini inayoficha mfupa ndiyo inayoula.

Jambo la hatari zaidi: usiache ghafla. Mtu aliyemeza deksa wiki nyingi, vile vitezi vyake vimelala usingizi, havitengenezi kitu. Akiacha siku moja anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kuzimia, hata kufa. Mama yule alikuwa tayari amefikiri kuzitupa zote chooni usiku ule ule. Nashukuru Mungu alikuja kwanza. Munganga anapunguza pole pole, kwa karatasi yenye tarehe. Iko kinini nyingine wanayouza kwa kazi hiyo hiyo, siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Mtoto anakula sana na kusinzia darasani, halafu akiiacha anarudi alipokuwa.

Na kwa wadogo wetu, mama, msidanganywe na mashavu. Mtoto mwenye bwaki anaweza kuvimba uso na miguu, hata mfupa mmoja hauonekani, na jirani wanasema anapendeza, kumbe ni maji na mwili hauna chakula. Bonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, nenda kituoni. Na wauguzi wenyewe hawapimi utapiamlo kwa kuangalia mitulinga. Wanafunga utepe katikati ya mkono wa juu, na kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, chini ya sentimita 11 na nusu ni rangi nyekundu.

MENGINE KWA UPESI

Mtulinga unavunjika mara nyingi, kwa sababu mtu akianguka juu ya bega, nguvu yote inapita humo. Wazee wa Kisangani wanakumbuka enzi za toleka, velo za kubeba watu. Siku hizi ni pikipiki, na mwendo ni mwingine. Kama mtoto ameanguka na anashika mkono wake mgonjwa kwa mkono mzima, na pana uvimbe katikati ya mfupa, mfungie kitambaa shingoni kibebe mkono, umpeleke. Mingi inaunga yenyewe: kwa watoto wiki tatu mpaka sita, kwa wakubwa mara mbili yake. Msiuvute, msiukande kwa nguvu. Chini yake inapita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu inayokwenda mkononi. Mkono ukiwa baridi, au vidole havisikii, au mfupa umetoboa ngozi, au pumzi inakata, hapo ni kukimbia.

Mtoto mchanga vilevile, akiwa mkubwa na mabega yakikwama wakati wa kuzaliwa, mfupa huu unaweza kuvunjika. Hachezi mkono ule. Kwa kawaida unaunga katika wiki mbili, tatu. Msimlaani mzalishaji, pengine ndiyo namna alivyookoa pumzi ya mtoto.

Wabeba mchanga: mfuko mzito ukikaa kila siku juu ya mtulinga mmoja unaukandamiza juu ya ubavu wa kwanza, na mishipa inabanwa katikati. Ndiyo vidole vinavyokufa ganzi usiku. Badilisha bega, weka kata ya kitambaa kinene, punguza mzigo kama mwenye kazi anakubali. Najua mara nyingi hakubali.

Na tezi: ukipapasa kishimo cha juu ya mtulinga ukakuta uvimbe mgumu usiouma, usiokwisha, uonyeshe. Unaweza kuwa kifua kikuu cha tezi. Tena mwaka 1848 munganga Mjerumani Rudolf Virchow aliandika kwamba uvimbe wa upande wa kushoto pale unaweza kutoka kwa kansa ya tumbo. Shingo ina habari nyingi. Zamani za Wabelgiji wauguzi walipita vijiji vyetu wakipapasa shingo za watu wote wakitafuta ugonjwa wa malale.

Maji ya karieri nitayaandika mwezi ujao, Mungu akipenda. Maswali yenu mpatie wazee wa parokia, wanajua namna ya kunifikishia.

Binti yetu yuko wiki ya nne ya kupunguza. Mama yake ndiye anayeshika karatasi, na kila asubuhi wanatia alama pamoja. Uso umeanza kushuka. Kiongozi wa korali amekaa na wale waliocheka, na yule kijana aliyesema kwao hawapikagi alikwenda kula kwao Jumamosi, sombe na samaki, alikula sahani mbili. Juzi binti alikuja kwangu ofisini, akasimama mlangoni.

"Papa Pasta, ile mifupa itarudi kuonekana?"

Nikamwambia ndiyo, itarudi. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama mazoezi ya korali bado ni saa kumi.